Dakika saba, mapipa na mipira ya tenisi

Hotuba kwa madereva, makondakta na mafundi wa mabasi ya abiria, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu wa usukani. Mafundi, makonda, dada zangu madereva, na matajiri mliokubali magari yalale leo asubuhi ili tukae hapa: habari za Jumamosi.

Mwenyekiti alinitaka nizungumzie usalama barabarani, nikamwomba radhi. Hilo mmeshalisikia. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama mnahubiriwa, mnabandikwa stika kwenye kioo, mnarudi kazini. Mimi ni fundi wa breki niliyeishia kuwa mwalimu wa ufundi, na kwa niliyoyaona, mtu mzima mwenye leseni ya daraja C habadiliki kwa kuambiwa awe mwangalifu. Hubadilika pale kitu anachojivunia kinapopimwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo nimekuja na habari za mashindano ya madereva na mafundi wa mabasi.

Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua tunashindana tayari, tena kila siku, bila kombe. Coaster mbili za Gongo la Mboto zikitoka kituoni zikipishana kidogo tu, kila dereva macho yako kwenye saiti mira anamtafuta mwenzake. Konda anagonga bodi, "twende, anatufuata!" Atakayewahi kituo kinachofuata ndiye atakayebeba. Nyuma yao kuna hesabu, yaani fedha za siku za tajiri mwenye gari, inayosubiri jioni, kuna mafuta, na kinachobaki ndicho mshahara. Na kama aliyeshika usukani ni deiwaka, dereva wa kushikia tu, aliyeachiwa raundi mbili za mchana, yeye ana haraka kuliko wote.

Hayo ni mashindano kamili. Yana mwamuzi, ambaye ni hesabu. Yana alama, ambazo ni vichwa vya abiria. Na adhabu ya anayekosea huwa anailipa abiria aliyekaa siti ya mbele. Nisemavyo leo ni kwamba kama kushindana hatutaacha, na sidhani kama tutaacha, basi tubadilishe kinachopimwa.

Huku kwetu mtu akisikia mashindano ya udereva anafikiria Safari Rally. Ni haki yake. Yale yalianza mwaka 1953, magari yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope na vumbi, na yalitupa mashujaa. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na ile ya kwanza alishinda na Volvo iliyokwisha kutumika. Alikuwa fundi kabla hajawa bingwa; mikono yake ilijua gari lile likilia linataka nini. Shekhar Mehta akashinda mara tano. Nawaheshimu wote. Lakini rali inapima mwendo, na dereva wa rali hana mama mjamzito aliyesimama mlangoni kashika bomba. Kazi yetu ni nyingine, na inataka uwanja wake.

Uwanja huo upo. Wamarekani na Wakanada wanao kwa miaka mingi. Chama cha Usafiri wa Umma cha Marekani, APTA, huendesha kila mwaka mashindano ya kimataifa ya madereva na mafundi wa mabasi ya mijini, na kila mara hufanyika kwenye mji tofauti. Kufika huko huanzia nyumbani: shirika la mabasi la mji linafanya mashindano yake kwenye yadi yake, mshindi anapanda ngazi, hadi anakwenda kukutana na mabingwa wa miji mingine. Mashirika mengi yana sharti kwamba mshiriki awe na kipindi kirefu bila ajali ambayo angeweza kuiepuka. Hilo sharti lishikeni, nitalirudia.

Sasa sikilizeni dereva anafanya nini pale.

Anapewa basi la kawaida la mjini, la futi 40, yaani mita 12 na kidogo, au la futi 35. Mbele yake kuna uwanja uliopangwa koni, mapipa na mipira ya tenisi. Ana dakika saba kumaliza uwanja mzima. Akizidisha, anakatwa alama. Mkisikia dakika saba mnadhani ni mbio, sivyo. Dakika saba zinamtosha anayejua, na hazimtoshi anayesita na anayerudia. Anayekimbiza ndani ya muda huo haongezewi hata alama moja, na koni aliyoigonga inabaki imeandikwa.

Anaanza kupita kwa kupindapinda kati ya koni, mbele. Kuna kona ya kulia na ya kushoto ambapo tairi la nyuma linatakiwa lipite karibu na koni bila kuigusa. Mnajua wenyewe: mkia wa basi refu haufuati njia ya kichwa. Dereva asiyejua tairi lake la nyuma liko wapi ndiye anayepanda ukingo wa barabara na kukanyaga ndoo za mama wa samaki pale Buguruni. Kuna kurudi rivasi, mara upande mmoja, mara upande mwingine, kwa vioo. Hakuna konda wa kugonga bodi akisema "njoo, njoo, njoo, hapo hapo."

Halafu mipira ya tenisi. Inapangwa chini mistari miwili, na dereva anatakiwa apitishe matairi mawili ya nyuma ya upande mmoja katikati ya mistari hiyo. Haoni kitu. Matairi yako mita kadhaa nyuma yake, anachokiona ni kioo na kivuli. Mpira ukisogea, mwamuzi anaandika. Mimi nimewahi kuipanga mipira hiyo kwenye uwanja wa chuo na kuwaita madereva wazoefu wajaribu. Mzee mmoja aliyeendesha mabasi ya mikoani tangu enzi za barabara ya vumbi alipita kimya, hakugusa hata mmoja, akashuka akaenda zake kunywa chai. Vijana waliomcheka asubuhi walimfuata kwenye chai.

Karibu na mwisho kuna mapipa. Yamepangwa jozi jozi, kila jozi imebana kuliko iliyotangulia, hadi ya mwisho inaacha nafasi ndogo mno kati ya pipa na bodi. Na hapo huruhusiwi kunyata. Unatakiwa uingie na mwendo wa karibu maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, uushikilie mpaka utokee, kisha usimame mbele ya koni, bampa ikaribie kabisa bila kugusa. Ukishasimama umesimama, hakuna kusogea kidogo tena ukajirekebishe. Waamuzi wanakuja na kipimo.

Lakini kitu kilichonivutia kuliko mapipa ni waamuzi wanaopanda ndani ya basi. Mmoja anaangalia mazoea: umefunga mkanda, mikono iko wapi, umewasha indiketa, umeangalia vioo kabla ya kuondoka, mlango umefungwa kabla basi halijasogea. Mwingine anasikiliza mwili wake mwenyewe. Amekaa kama abiria, na kila basi likimtupa mbele au likimyumbisha, anakata alama. Ulaini wa kuendesha unahesabiwa kwa alama! Hebu niambieni, hapa mjini ni lini dereva alisifiwa kwa kufunga breki abiria asijue kwamba gari limesimama? Anayesifiwa ni yule anayechomekea.

Na kabla hata hajapanda kwenye kiti, anapelekwa kwenye basi lililowekewa kasoro kwa makusudi. Taa imechomolewa, nati ya ringi imelegea, kifaa cha kuzimia moto hakipo mahali pake, kioo cha kutokea dharura hakifunguki. Ana dakika chache kuzunguka na kuzitaja. Pia kunawekwa kitu ambacho hakitakiwi kuwa ndani ya basi la abiria, aone kama atakiona. Sisi ukaguzi wa asubuhi tunauita kupiga teke tairi. Mnajua ninachosema.

Nimesikia mtu hapo nyuma: "Mwalimu, hizo ni Ulaya na Marekani, wana pesa." Ulaya nako wana ya kwao, ingawa wanaofahamika zaidi ni madereva wa tramu. Walianzia Dresden, Ujerumani, mwaka 2012. Kila timu ni mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na utaratibu huo naupenda. Wanafunikiwa kipima mwendo waendeshe kwa kukadiria. Wanasukuma mpira mkubwa kwa tramu uangushe vigingi, mambo ya kuwafurahisha watoto waliojazana pembeni. Septemba 2025 wakafanya ya dunia pale Vienna, na wenyeji wakachukua. Hiyo ni sherehe ya mji mzima, na inataka reli na fedha. Ile ya mabasi haitaki. Niambieni kipi kati ya pipa tupu, koni, futi ya kupimia na mpira wa tenisi hakipatikani Kariakoo.

Tutakachobadilisha ni mpangilio. Wao wanapita kulia, milango yao iko kulia. Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo mtihani wa kituo cha abiria ugeuzwe. Halafu tuna jambo ambalo wao wengi hawana: mwendokasi, mabasi yenye njia yao peke yao. Tangu Mei 2016 tuna njia ya kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 20.9, yenye vituo katikati ya barabara na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi. Dereva wa pale anasimamisha basi la mita 18 lenye kiungo katikati, milango ya kulia, na abiria anavuka kutoka jukwaani moja kwa moja. Basi likisimama mbali, mtoto anatumbukiza mguu. Likisimama karibu mno, bodi inakwaruza zege. Huo ni mtihani mzuri kuliko wowote niliousoma kwenye kanuni za wageni. Mwaka 2018 mji wetu ulipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mfumo huu, wa kwanza Afrika. Tuzo ilipokewa, picha zikapigwa. Madereva wanaoegesha basi kwenye jukwaa mara mia kwa zamu sijawaona kwenye picha.

Sasa nije kwa mafundi, maana hapa ndipo nilipotaka kufika, na naomba matajiri msisinzie.

Katika mashindano yale ya Marekani, mafundi wanaingia kama timu ya watu watatu. Wana mtihani wa maandishi, kisha wanapita meza baada ya meza. Meza moja ni injini, nyingine gia boksi, nyingine breki za upepo, nyingine milango, nyingine mfumo wa kupooza hewa, nyingine umeme, na kuna basi zima la kukagua. Katika kila meza waamuzi wamepanda ugonjwa. Saa inakimbia. Kazi ya timu ni kuutafuta ugonjwa, kuuandika na kuonyesha dawa yake.

Fikirieni breki za upepo, ambazo ni mkate wangu. Kompresa inajaza mitungi. Hewa ile ina unyevu, maji yanakusanyika chini ya mtungi, na yasipomwagwa yanakula nafasi ya hewa na kuozesha valvu. Kuna pampu kwenye kila gurudumu inayosukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono, mkono unazungusha kemu, breki shuu zinabana. Lainingi ikiisha kidogo, fimbo inasafiri mbali zaidi kabla ya kubana. Dereva haoni. Akikanyaga pedali, gari linasimama, ila linachelewa kidogo. Kwenye tambarare ya Ubungo hakuna atakayejua. Mteremko wa Kitonga ndio utakaosema. Fundi anayejua anaingia chini na rula, mwenzake anakanyaga, anapima fimbo imetoka kiasi gani, gurudumu kwa gurudumu. Kazi ya dakika chache. Ni gereji ngapi mnazijua zinazopima? Nyingi zinakaza kwa hisia, tena moja imekazwa zaidi ya nyingine, basi likifunga breki linavuta upande.

Huko mezani fundi wa kubahatisha anaumbuka. Hawezi kusema "tubadilishe kwanza valvu tuone." Hakuna spea ya kubadilisha tuone. Kuna geji, kuna mchoro, kuna mita ya umeme, na kuna saa ukutani. Nasema hivi nikijua vizuri gereji zetu: kuna fundi atabadilisha alteneta, kesho betri, keshokutwa regyuleta, na ugonjwa ulikuwa waya mmoja wa ethi uliooza. Tajiri amelipa mara tatu. Na fundi yule si mjinga! Hakuna aliyewahi kumpima kwa kutafuta. Amepimwa siku zote kwa gari kuondoka gereji haraka.

Kisha linakuja jambo ambalo kwangu ndilo lenye akili kuliko yote. Kule ubingwa mkuu hapewi dereva, wala hawapewi mafundi. Unapewa shirika ambalo alama za dereva wake na za mafundi wake zikijumlishwa zinazidi za wengine. Dereva hodari wa shirika lenye gereji mbovu hafiki juu. Mafundi mahodari wenye dereva wa hovyo hawafiki pia. Hebu sasa mkumbuke inavyokuwa kwetu gari likirudi limeharibika. Dereva anasema fundi alifunga vibaya. Fundi anasema dereva anaua klachi. Tajiri anasikiliza wote, anamfukuza mmoja, na gari linaharibika tena wiki ijayo. Watu hawa wawili wakiwa na kombe moja la kulitafuta pamoja, dereva ataanza kumwambia fundi "nasikia mlio nikikata kulia" tangu siku ya kwanza, si siku gari limelala Chalinze.

Matajiri, najua swali lenu: nitapata nini? Sitawadanganya na takwimu. Mnazo ninyi, kwenye daftari lenu la mafuta, matairi na lainingi. Mchukueni dereva wenu mlaini kuliko wote na yule mkali kuliko wote, muwape magari ya aina moja njia moja, kisha mfungue daftari. Mkishaona, njooni mchangie mapipa.

Kuna pingamizi ambalo nalikubali. Siku moja uwanjani si barabara. Mtu anaweza kupita mapipa yote akaondoka na kombe, kesho yake akamtukana mwanafunzi mlangoni. Kweli kabisa. Ndiyo maana nimesema lile sharti la rekodi lishikwe: asiingie uwanjani mwenye ajali ya uzembe ndani ya mwaka, na mimi ningeongeza, asiingie aliyelalamikiwa kwa kukataa wanafunzi. Kule Marekani madereva wa magari madogo ya wazee na walemavu wana mashindano yao, na mtihani mmojawapo ni kumfunga mtu mwenye kiti cha magurudumu, kamba zote, kiti kisisogee, na kumsemesha kwa heshima wakati unafanya hivyo. Nasi tuweke abiria. Tumwombe bibi mmoja mwenye mkoba na fimbo apande na kushuka, naye apewe karatasi ya alama. Bibi huyo atakuwa mkali kuliko trafiki.

Jambo lingine, na hili nawaambia viongozi waliopo. Siku tutakapoanza, alama za uwanjani zisigeuzwe fimbo. Dereva aliyeangusha koni nne asije Jumatatu akanyang'anywa gari. Akiona hivyo, mwaka wa pili atakuja jamaa wa tajiri peke yake, wengine watasema wanaumwa. Aliyefanya vibaya apewe saa za mazoezi kwenye uwanja uleule. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha madereva wa magari ya abiria, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana mafundi wachanga wanaotafuta mahali pa kushika spana, LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wanawapima na kuwasajili madereva wa biashara. Wote hao wanaweza kuletwa mezani kama waamuzi, na kila mmoja ana kitu cha kujifunza kwa yule mzee wa mipira ya tenisi.

Zawadi? Kikombe kiwepo, sawa, watu wapige picha. Ila ningeomba zawadi kubwa iwe siku. Mshindi apewe wiki nzima bila hesabu, gari likitembea na kilichopatikana kikiwa chake na konda wake, na mafundi wa timu wapewe sanduku la vifaa vya kupimia, siyo fulana. Fulana tunazo za kutosha tangu uchaguzi.

Kwa kuanzia tusitafute uwanja wa taifa. Tunahitaji yadi yenye sakafu ngumu, ndefu ya kutosha Coaster ifike kilomita 32 kwa saa na kusimama bila kumtia mtu roho juu. Magari yawe mawili tu, Coaster moja na basi kubwa moja, ili kila mtu aendeshe gari lilelile na asiwepo wa kusema usukani ulikuwa mzito. Mapipa tuombe kwa wauza mafuta. Kwa mafundi tuanze na meza tatu: breki, umeme, na ukaguzi wa gari zima, injini na gia boksi zisubiri mwaka unaofuata, maana kuzitengenezea ugonjwa wa kupanda bila kuziua ni kazi inayotaka utaalamu kuliko kuziponya.

Nusu saa yangu imekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Baada ya chai nabaki pale chini ya mwembe. Nataka mafundi wawili wa umeme tukae tuchore ule ubao wa kasoro, na nataka dereva mmoja mwenye Coaster hapo nje anipe dakika kumi nipime upana wake kutoka kioo hadi kioo, maana mapipa ya jozi ya mwisho hayapangiki bila namba hiyo.